Kuituliza nyota inayochezacheza: shajara ya mradi wa uani, Dodoma

7 Juni 2025. Mwanzo, na kabari ya digrii 9

Ikuze nyota mara 200 kwa darubini yoyote uone vituko. Inaruka kushoto, inarudi, inatanuka kama yai kwenye kikaango, halafu kwa nusu sekunde inatulia na unakiona kitone chake kikiwa na pete nyembamba. Kabla hujafurahi, imechafuka tena. Hewa ya joto na ya baridi zikichanganyika juu yetu hupindisha mwanga huku na kule, na mwaka 1953 mwanaastronomia Horace Babcock alipendekeza dawa: kioo kinachobadilisha umbo kwa kasi ileile ambayo hewa inachafuka. Leo darubini kubwa nyingi duniani zina mfumo wa namna hiyo, optiki inayojirekebisha.

Kioo cha kunyumbulika siwezi kukinunua kwa mshahara wa ualimu. Ila hesabu za mtaalamu wa optiki Noll, za 1976, zinampa nafuu mtu wa kipato changu. Ukikokotoa kwa mraba, karibu asilimia 87 ya uharibifu wote unaoletwa na hewa ni mwinamo tu: taswira inahama nzima nzima, juu, chini, kulia, kushoto. Kwa darubini ndogo, hilo la kuhama ndilo karibu lote. Kwa hiyo kioo bapa kinachoweza kuinama pande mbili, kikiambiwa na kamera nyota imekwenda wapi, kinatosha kuonja utamu.

Mpango: darubini yangu ya Maksutov ya milimita 127, urefu wa fokasi milimita 1,500. Ina kiwiko nyuma, chenye kioo kinachopeleka mwanga pembeni. Nakitoa kioo hicho, naweka changu kilichokalia visahani vitatu vya piezo, vile vya kwenye kengele na vidude vya kupiga kelele, ambavyo hujipinda kidogo vikipewa umeme. Kamera ndogo ya sayari nimeipata kwa mtu, imetumika, Sh 420,000. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na nimeshaitoa kabla mama watoto hajauliza.

Vipimo vyote humu ni kwa sekunde ya tao, yaani digrii 1 ikigawanywa mara 3,600. Punje ya mahindi ya sentimita 1 ukiitazama kutoka kilomita 2 ina upana wa sekunde 1 hivi. Darubini yangu, hewa isingekuwepo, ingechora nyota yenye upana wa sekunde 0.9.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa hata cha hewa. Stendi ya darubini hii hufuata nyota ikiwa imeinamishwa kulingana na latitudo ya mahali, na Dodoma tuko digrii 6 kusini ya ikweta. Skrubu ya kuinamishia ilifika mwisho kwenye 15. Walioitengeneza hawakututegemea sisi. Fundi seremala akanichongea kabari ya mninga ya digrii 9, Sh 12,000. Ikakaa vizuri, kwa macho.

28 Juni. Kilele cha 12 Hz (wiki mbili zilizopotea)

Darubini niliiweka juu ya jukwaa la tanki la maji: zege juu ya nguzo nne, urefu wa mita 4, tanki la lita 2,000 pembeni. Pale juu kuta za majirani hazizuii na taa zao hazinipigi usoni. Mtu yeyote angepachagua.

Kipimo cha kwanza nilikifanya tarehe 14 kwa Spica, ambayo jioni za mwezi huu hupita digrii 5 tu kutoka utosini. Kamera inapiga fremu 60 kwa sekunde, programu inatafuta kitovu cha mwanga katika kila fremu, baada ya dakika 2 nina orodha ya mahali nyota ilipokuwa. Mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho nyota kwa kawaida huhama kutoka mahali pake pa wastani, ukatoka sekunde 2.9 kwa kila mhimili. Nikasema, aa, kumbe hewa ya Dodoma ni mbaya hivi?

Nilipochambua masafa nikaona kilele kirefu, chembamba kama msumari, kwenye 12 Hz, yaani mitikisiko 12 kwa sekunde. Usiku mwingine kipo, usiku mwingine hakipo. Hewa haitengenezi msumari. Hewa hutengeneza mteremko mpana. Basi nikaamua ni miguu ya stendi inayotetema. Nikaning'iniza kiroba cha mchanga katikati ya miguu: msumari palepale. Nikakaza boliti zote: palepale. Nikailaumu kabari ya mninga kuwa ni laini, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea akanitengenezea ya chuma, Sh 25,000. Palepale, tena kama unanicheka.

Mpwa wangu, ambaye yuko likizo na anasoma PCM, ndiye aliyeufumua. Alibadilisha kamera iende fremu 75 kwa sekunde kwa sababu zake nyingine kabisa, akaniita.

"Mjomba, mbona kilele kimehamia 27?"

Miguu ya stendi haijui kamera inapiga fremu ngapi. Kitu kinachohama ukibadilisha kasi ya kamera si kitu cha masafa yale unayoyaona. Ni cha masafa ya juu zaidi kinachojificha. Ni kama tairi la basi kwenye filamu linavyoonekana kurudi nyuma. 60 toa 12 ni 48. 75 toa 27 ni 48. Tukaipandisha kamera hadi fremu 120, na msumari ukajitokeza wazi kwenye 48 Hz.

Mota ya umeme wa 50 Hz yenye ncha mbili, ikiwa na mzigo, huzunguka kama mara 2,880 kwa dakika. Gawa kwa 60. Hiyo ni pampu. Mtaani kwetu maji ya bomba ni ya mgao na yanafika usiku, kwa hiyo jirani huyavuta kwenda kwenye tanki lake saa zilezile ninazotazama nyota. Bomba lake limefungwa kwa klempu kwenye ukuta tunaochangia, na nguzo moja ya jukwaa langu imejengwa ikiugusa ukuta huo.

Kesho yake nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu, karibu. Umekuja kuhusu mbuzi?"

Mbuzi walikuwa wamekula mchicha wangu, ni kweli, lakini sikuja kwa hilo. Nilipomweleza kwamba pampu yake inatikisa nyota alinitazama muda mrefu, kisha akasema nyota ya mtu haiwezi kutikiswa na pampu. Nikamleta aone skrini. Akamtuma kijana azime pampu, msumari ukatoweka, akawasha, ukarudi. Akacheka mpaka akakaa. Kuzima hawezi, maji hayamsubiri mtu, ila alikubali nirekebishe nilivyotaka. Tukaweka vipande vya tairi chini ya pampu (Sh 6,000 kwa fundi viatu) na tukaondoa bomba gumu la mita 1 karibu na ukuta tukaweka mpira (Sh 9,000). Kilele kikashuka hadi sehemu ya kumi ya kilivyokuwa.

Kama unarudia kazi hii: kabla hujagusa boliti yoyote, pima kwa kasi mbili tofauti za kamera. Ni dakika 5. Mimi zilinigharimu wiki mbili na kabari ya pili. Wala usione aibu, wakubwa nao yamewapata. Chombo cha GPI, kilichofungwa kwenye darubini ya Gemini ya mita 8.1 nchini Chile kwa ajili ya kupiga picha sayari za nyota nyingine, kilisumbuliwa na mtikisiko wa 60 Hz kutoka kwenye mitambo yake yenyewe ya kupozea. Pampu, kwa lugha nyingine.

19 Julai. Kioo, gundi, na IC inayopiga mluzi

Kioo cha kawaida hakifai, kwa sababu kinaakisi mara mbili, juu ya glasi na nyuma yake, na unapata nyota na kivuli chake. Fundi redio wa Majengo alinitolea kioo kinachoakisi kwa uso wa mbele tu kutoka kwenye skana mbovu, bure, akakikata kipande cha milimita 25. Visahani vitatu vya piezo, Sh 1,000 kila kimoja. Nilinunua vinane maana nilijua nitavunja. Nilivunja vinne.

Hesabu ya safari ya kioo ni hii. Kutoka kiooni hadi kwenye kihisi cha kamera ni milimita 70. Nyota ikihama sekunde 3, taswira inahama maikromita 22 kwenye kihisi. Kuirudisha, kioo kiiname sehemu 156 za milioni moja ya rediani, na kwa upana wa milimita 20 kati ya visahani hiyo ni maikromita 3 tu. Nilipima visahani vyangu vikatoa karibu maikromita 0.2 kwa kila volti. Volti 15 zinatosha. Nilifurahi, maana piezo za viwandani hutaka volti mia na zaidi.

Gundi ndiyo iliyonitesa. Kwanza nilitumia supagluu. Ikakauka, ikavuta, na nyota ikawa msalaba: upande mmoja wa fokasi imelala, upande wa pili imesimama. Kioo chembamba kilikuwa kimepindwa na matone matatu ya gundi. Nikakibandua (kisahani cha kwanza kilifia hapo), nikatumia silikoni ya mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Nyota ikawa duara safi. Lakini matone yalikuwa makubwa, na kioo kikawa kinaelea kama kimekalia jeli: nilipokigonga kwa kucha kilitetema kwenye 90 Hz. Mara ya tatu, silikoni ileile, tone dogo kama kichwa cha kiberiti, likiwa limekandamizwa. Sasa 310 Hz na nyota ni duara. Iacheni siku nzima ikauke. Msijaribu baada ya saa mbili kama mimi.

Umeme: bodi ndogo ya kudhibiti Sh 35,000, na amplifaya tatu za TDA2030, ambazo ni IC, yaani chipu ndogo. Fundi alisema atazifunga jioni moja, na kweli, lakini tulipounganisha visahani zikaanza kupiga mluzi na kuchemka hadi huwezi kuzishika. Kisahani cha piezo kwa IC ni kapasita, si spika. "Mwalimu, hii haijazoea mzigo wa hivi," akasema, akatia rezista ya ohm 100 kwenye kila waya wa kutokea. Kimya. Jumla ya fundi na vifaa vyake Sh 48,000, na soda.

2 Agosti. Nimewasha, nyota inacheza zaidi

Antares ilikuwa juu, anga safi, mpwa kwenye kompyuta. Nikafunga mzunguko: kamera inaona, programu inakokotoa, kioo kinainama. Bila kurekebisha, mkengeuko ulikuwa sekunde 2.7. Nilipowasha: 3.4.

Nilidhani nimegeuza alama, jumlisha badala ya toa. Hapana, ukigeuza alama nyota inakimbia kabisa na kugonga ukuta. Hii ilikuwa inafuata nyota, ila inaifuata vibaya. Katika mchoro wa masafa, chini ya 2 Hz mtikisiko ulikuwa umepungua sana, safi. Lakini kwenye 5 Hz ulikuwa umepanda maradufu.

Nikapima ucheleweshaji. Taa ndogo mbele ya kamera, bodi inaiwasha, programu inasema imeiona lini: milisekunde 50. Fremu moja ya kupigwa, moja ya kusafiri kwenye waya wa USB, moja ya programu kujikuna. Mfumo unaochelewa hivyo unarekebisha vizuri hadi kama 2.5 Hz. Juu kidogo ya hapo unaanza kudhuru. Ni mtoto na bembea: ukimsukuma anapokuja unamzuia, ukichelewa ukamsukuma anapoondoka unamwongezea. Na kwangu, kwa bahati mbaya kabisa, 5 Hz ndipo jukwaa zima la tanki linapoyumba upepo ukivuma. Niliweka simu juu ya zege ikiwa na programu ya kupima mtikisiko, ikasema 5.1. Nilikuwa nimejenga kifaa cha kuongeza kuyumba kwa tanki langu la maji.

Usiku huo sikuandika kingine.

9 Agosti. Matundu mawili

Hapa nilifanya nilichotakiwa kufanya Juni: kutenganisha mchezo wa hewa na mchezo wa jukwaa. Njia ni ya wachagua maeneo ya darubini, na hesabu yake iliandikwa na wanaastronomia Sarazin na Roddier mwaka 1990. Unaifunika darubini kwa ubao wenye matundu mawili. Mimi nilitoboa hardboard, matundu ya milimita 40, vitovu viachane milimita 80. Ukiitoa darubini kwenye fokasi kidogo, nyota moja inakuwa mbili, kila moja kupitia tundu lake. Darubini ikitikisika, zote mbili zinahama pamoja, umbali kati yake haubadiliki. Umbali ukibadilika, ni hewa tu, kwa kuwa hewa ya tundu hili si ya tundu lile. (Fokasi ikisogea taratibu kwa baridi umbali nao husogea taratibu, ondoa mwelekeo huo kwanza. Muda wa kupiga kila fremu uwe mfupi, mimi natumia milisekunde 4.)

Tazama namba, maana hapa ndipo mradi ulipogeuka. Umbali kati ya nyota mbili ulichezacheza kwa sekunde 1.1. Kwa matundu haya hiyo inaleta r0 ya sentimita 4.3, yaani upana wa kipande cha hewa ambacho bado kimenyooka, na nyota ya upana wa sekunde 2.4 kwa picha iliyopigwa kwa muda mrefu. Hewa ya namna hiyo peke yake ingechezesha kila nyota kwa sekunde 1.03. Lakini kila nyota ilikuwa inacheza kwa 2.6. Ukitoa mraba wa hewa kwenye mraba wa jumla, jukwaa lina sekunde 2.4. Kwa mraba, asilimia 84 ya mchezo ni zege, nguzo na upepo. Miezi miwili nimeisingizia hewa ya Dodoma.

Njia hii ya matundu ilitumika hata Paranal, Chile, kabla darubini kubwa za Ulaya hazijajengwa pale, na uzuri wake ni kwamba haijali mtikisiko. Ubaya wake ni huohuo. Inakupa hali ya hewa tu, halafu mfumo wa kurekebisha unapokea hesabu yote: hewa, nguzo, pampu, upepo kwenye bomba la darubini. Kioo hakichagui. Na kina mwisho wa safari yake. Visahani vyangu vinaishia sekunde 3 kila upande, vikishatumika kufidia jukwaa hakibaki kitu cha kufidia hewa. Ndiyo maana wenye darubini kubwa hawakiachii kioo kinachonyumbulika kazi ya kuinama. Ile ya Ulaya inayojengwa Cerro Armazones, Chile, yenye kioo kikuu cha mita 39, ina kioo cha tano, bapa, cha mita 2.7 kwa 2.2, na kazi yake ni hii ya kiwiko changu: kuinama.

Mpwa aliuliza, mchezo mdogo una madhara gani kwa hao wakubwa? Nikamfanyia hesabu mezani. Chukua darubini ya mita 8.1 kwenye mwanga wa infraredi wa maikromita 1.65. Mabaki ya mchezo yakiwa robo tu ya upana wa nyota inavyopaswa kuwa, kilele cha mwanga kinashuka kwa karibu robo nzima. Robo hiyo ya upana ni sekunde 0.01. Ni punje ya mahindi iliyo Morogoro, ukiitazama kutoka Dodoma.

30 Agosti. Tumeshuka chini

Nilichimba shimo la sentimita 80 uani, nikamwaga nguzo ya zege isiyogusa ukuta wala sakafu. Mifuko miwili ya saruji, mchanga, kokoto, kibarua mmoja: Sh 71,000. Nimepoteza upande wa kusini kwa sababu ya ukuta, na taa ya duka la jirani inanipiga. Nimekubali.

Matundu tena, Antares: kati ya nyota mbili 1.0, kila nyota 1.15. Mtikisiko usio wa hewa umepungua sana.

Halafu pepo za Agosti zikaja. Anayeijua Dodoma msimu huu anajua: vumbi jekundu kwenye meno, mabati yanapiga makofi usiku kucha. Bomba la darubini likawa linatikiswa moja kwa moja, na mkengeuko ukapanda hadi 1.9. Nilisimamisha turubai pande mbili. Siku ya kwanza nililikaza karibu mno, nusu mita, nalo likawa linapiga kama ngoma na kusukuma hewa kwenye bomba. Mambo yakawa mabaya zaidi. Nilipolirudisha mita 1.5 nyuma na kuliachia nafasi chini upepo upite, nikapata 1.2. Usiku wenye upepo mkali nafunga na kwenda kulala. Hakuna kifaa kwa hilo.

20 Septemba. Mhimili mvivu

Kamera sasa inasoma dirisha dogo la pikseli 64 kwa 64 tu, fremu 150 kwa sekunde. Programu nimeiandika upya isichore chochote kwenye skrini wakati inafanya kazi. Kuchora kulikuwa kunakula milisekunde 12 peke yake. Ucheleweshaji wote: milisekunde 17. Sasa nina nafasi hadi karibu 7 Hz.

Altair, saa 2:30 usiku. Mhimili wa kwanza ulitulia kama umepigwa msumari: kutoka 0.78 hadi 0.42. Wa pili ulitoka 0.77 ukaishia 0.60, mvivu. Nikaongeza nguvu ya urekebishaji kwa mihimili yote, wa pili ukapona, wa kwanza ukaanza kuyumba.

Tuliangalia visahani, tukabadilisha waya, tukabadilishana amplifaya. Uvivu ulibaki kwa mhimili uleule. Nilikuja kuupata asubuhi nikisahihisha madaftari, na niliona haya maana nafundisha hiki kitu Kidato cha Nne. Kioo kimekaa digrii 45. Kikiinama kuelekea kamera, mwanga unageuka mara mbili ya pembe. Kikiinama upande mwingine, mwanga unageuka mara 1.41 tu, kwa kuwa kosaini ya 45 inaingia kwenye hesabu. Mihimili miwili haikuwa sawa tangu kuumbwa kwake. Nikazidisha amri ya mhimili wa pili kwa 1.41. Namba moja kwenye programu. Gharama: usiku tatu na waya mpya usiohitajika.

Baada ya hapo: 0.41 na 0.43. Picha ya jumla ya sekunde 30, upana wa nyota bila kurekebisha 2.1, ikirekebishwa 1.6.

Najua kuna atakayesema: una fremu zote, si uzisogeze tu kwenye kompyuta uzipange juu ya nyingine, bila kioo wala visahani? Kweli kabisa, kwa picha ya nyota angavu inatosha na ni bure. Lakini mwanga ukitakiwa kupita kwenye mwanya mwembamba wa spektrografu, chombo cha kutenganisha rangi za mwanga, hakuna fremu za kupanga. Nyota iwe ndani ya mwanya au isiwe. Huko ndiko nataka kwenda.

11 Oktoba. Zeta Aquarii, na hesabu ya fedha

Zeta Aquarii ni nyota mbili zinazokaribia kufanana mwanga, zimeachana zaidi kidogo ya sekunde 2. Saa 3:45 usiku ilikuwa karibu na utosi. Bila kurekebisha, jumla ya sekunde 60: kibonge kimoja kirefu, kama karanga kwenye ganda. Nikiwasha, karanga mbili, na kati yake giza. Si giza la vitabuni. Lakini lipo.

Tatizo lililobaki ni nyota hafifu. Kwenye nyota ambazo jicho haliwezi kuziona, kila fremu katika zile 150 za sekunde haina mwanga wa kutosha, kitovu kinarukaruka kwa kelele za kihisi, na kioo kinaifuata kelele kwa utiifu wote. Nikipunguza kasi hadi fremu 40, ucheleweshaji unarudi na bembea nayo. Wakubwa hutengeneza nyota yao kwa leza, wakiwasha sodiamu iliyo kilomita 90 hivi juu. Kwa mwinamo lakini, leza haiwasaidii: hewa inayoipinda ikipanda ndiyo inayoinyoosha ikirudi, hivyo haijui taswira imehama kiasi gani. Hata wao wanabaki kuitafuta nyota halisi pembeni. Hilo lilinifariji kidogo.

Fedha, bila darubini niliyokuwa nayo: kamera 420,000, kabari mbili 37,000, pampu ya jirani 15,000, visahani vinane 8,000, bodi 35,000, fundi redio 48,000, nguzo ya zege 71,000, turubai 30,000, waya, silikoni, hardboard na vikorokoro 26,000. Jumla Sh 690,000. Anayeanza leo aondoe kabari moja, na aanze na nguzo chini na ubao wa matundu kabla ya kununua hata kisahani kimoja.

Tulikuwa tunapiga seti ya mwisho ya Zeta, mpwa ameegemea ukuta na blanketi. Kwenye mchoro wa masafa, palipokuwa pamenyooka, pakaota kinundu kidogo kwenye 48. Alikiangalia, akapiga miayo.

"Mzee anajaza maji."